Ufunguo wa Arobaini na Moja

Benchi la mtaa wa Bondeni lilikuwa taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya jiko la Darweshi muuza kahawa, na kila alasiri lilijaa wanaume wasiojua kwenda nyumbani kabla hawajabishana. Alikuwapo Owino wa garimoshi, aliyeitwa Injini kwa sababu hata akinong'ona ulimsikia ukiwa ng'ambo ya barabara. Alikuwapo Kemboi kinyozi, aliyeitwa Wembe kwa ulimi, si kwa kazi. Jumamosi hiyo ya mwaka wa hamsini na saba Kiprugut alifika, akakaa pembeni, akapokea kikombe bila kukitazama.

— Wewe bwana, umefiwa? akauliza Injini.

— Dualeh anaacha kazi leo, akasema Kiprugut. Kuanzia Jumatatu, meza ya mbele ni yangu.

Darweshi akaacha kumimina. Wembe akavua kofia, na Wembe hakuwa mtu wa kuvulia watu kofia.

Kwani nani Bondeni hakuijua meza hiyo? Ilikuwa kwenye ile hoteli kubwa ya wazungu, ambako mtu mweusi aliingia akibeba trei au sanduku la mwingine, basi; kulala hakuruhusiwa. Kiprugut mwenyewe alikuwa amebeba masanduku miaka minne. Lakini Dualeh alisimama kwenye meza hiyo, karibu na mlango, na koti la vifungo vya shaba, funguo za vyumba arobaini zikining'inia ubaoni nyuma yake, na lolote mgeni alilotaka duniani alimwomba yeye.

— Meneja kaniambia atanitazama wiki moja, akaendelea Kiprugut. Siku nitakayomwambia mgeni neno “hakuna”, narudi kwa masanduku. Dualeh miaka ishirini na miwili hajalitamka neno hilo! Mimi nitaanzia wapi?

— Mimi nakuambia siri yake, akanguruma Injini. Ana watu kwenye kila treni. Yule mama wa Solai aliyesahau kofia ya marehemu mumewe ndani ya treni ya Kisumu, unamkumbuka? Asubuhi alipoamka kofia iko mezani. Nani aliileta? Mimi! Niliiweka mapajani kutoka Kisumu kama mtoto mchanga, na mpaka leo sijui ujumbe ulinifikiaje.

— Treni gani wewe, akasema Wembe. Ni viatu. Wageni huviacha nje ya mlango vipigwe rangi, sivyo, Kiprugut?

— Ndivyo.

— Basi anavisoma! Vumbi jeupe, huyu katoka ziwani. Tope jekundu, katoka mashambani. Majivu ya mlima Longonot, huyu kesho miguu itamuuma, apelekewe maji ya moto kabla hajaomba.

Kiprugut akakumbuka. Aliwahi kumwona Dualeh akigeuza kiatu cha mgeni taratibu, akikinusa kidogo, kisha akatuma maji ya moto chumba cha tisa. Mgeni wa chumba cha tisa alikuwa bado hajapiga kengele. Nywele zilimsimama siku ile, na sasa zilimsimama tena.

— Viatu vitamwambia kwamba mtu anataka barafu akifika Mai Mahiu? akauliza Darweshi. Mzungu yule gari lilimfia pale chini, jua kali, akakuta barafu inamngoja kwa muuza chai! Wallahi, hiyo si kazi ya viatu. Hesabuni funguo zake.

— Zina nini? akauliza Wembe.

— Mwulizeni Kiprugut.

Kiprugut akamkazia Darweshi macho. Hilo alikuwa hajamwambia mtu ila Darweshi.

— Vyumba ni arobaini, akasema polepole. Funguo ni arobaini na moja.

Hata Injini alishusha sauti.

— Na huo mmoja, wa chumba gani?

— Hauna namba.

— Si nimewaambia? Darweshi akajipiga paja. Kuna chumba hakipo! Humo kinakaa kitu, na kitu hicho ndicho kinachomwambia. Kiprugut, mwanangu, kabla ya Jumatatu umwombe akukabidhi ufunguo huo, la sivyo umekwisha!

— Jamani, yule anakuja, akasema Wembe.

Dualeh alikuwa akishuka barabara bila koti. Kiprugut hakuwahi kumwona bila koti. Alionekana mdogo, mabega yamelegea. Wote wakasimama. Injini akalipangusa benchi kwa mkono wake mwenyewe.

— Salaam aleikum.

— Waleikum salaam, mzee!

Akakaa. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye taruma, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

— Huo ni wa... akaanza Kiprugut.

— Wa nyumba yangu, hapo nyuma ya msikiti. Niliutundika pamoja na zile nyingine usije ukapotea.

Darweshi akainama kupuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

— Mzee, nisaidie, Kiprugut akasema. Nitawezaje kutosema “hakuna”?

Dualeh akamtazama kama alivyowatazama wageni, kwa makini, kuanzia viatu.

— Chumba cha kumi na saba unakijua?

— Kile cha dirisha la ziwani.

— Nimewasifia watu chumba hicho miaka ishirini na miwili. Asubuhi ndege wa ziwani wakiruka wote pamoja, ukuta mzima unakuwa wa pinki. Hivyo ndivyo wageni walivyonisimulia. Sasa mimi si mtu wa hoteli tena. Jumatatu nitakuja na nguo zangu za Idi, sanduku langu mkononi, nilipe kama wengine. Chumba ni kitupu, ufunguo unaning'inia nyuma yako. Nitasema, bwana, naomba kumi na saba. Wewe utanijibu nini?

Kiprugut akamtazama Injini, Injini akalitazama taruma. Wembe alikuwa akiikunjakunja kofia yake. Dualeh alingoja kwa adabu, mikono mapajani, mpaka alipoona imetosha. Akachukua ufunguo wake, akainuka.

— Nitafika saa nne, akasema, akakata kona ya msikiti.

Kiprugut akanyoosha kikombe.

— Niongeze, Darweshi.

Darweshi akainamisha birika. Likadondosha tone moja, jeusi, kisha likakoma.

— Hakuna, akasema.