Shavu la Dirishani

Basi letu halikuwa na mapazia, na jua la saa nane lilipanda nasi bila tiketi. Mbele yangu msusi mmoja, mfuko wa karoti mapajani, alikuwa akimweleza mzee aliyeketi kando yake, hata hawajuani, siri ya uso wake.

"Mimi sipaki kitu, mzee wangu. Nakula karoti na nyanya kila siku. Ngozi inajilinda kutoka ndani. Jua likija kubisha hodi, halikuti mtu."

Mzee akamgeuzia uso mzima. Shavu la kushoto lilikuwa laini, la kulia limekunjamana kama shati lililolaliwa. "Nimeendesha lori miaka na miaka, mwanangu, dirisha likiwa upande huu. Na nyanya nimekula sana. Au zilikuwa zinakwenda shavu moja tu?"

Nikajifanya natazama nje. Msusi hakutetereka. "Sasa hilo zuri limetunzwa na nini, kama si nyanya?"

"Kivuli."

"Kivuli kina vitamini gani, mzee?"

Basi likasimama. Msusi akashuka, jua likampiga usoni. Akaguna, akauinua mfuko wa karoti, akajikinga nao.