Fundi Bado na Kasha Lisilofungwa

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bado, alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, mtoto wa pili wa baba mchomelea vyuma na mama mshona nguo. Alizaliwa amekunja ngumi. Mama alijaribu kuzifungua amwoshe viganja, akashindwa, akasema, "Huyu kaja na ugomvi wake."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994. Akiwa darasa la tano aligombea gemu ya matofali, ile ndogo ya betri, na mdogo wake anayemfuata. Alimpiga nayo mdomoni. Jino la mbele likaanguka sakafuni, na gemu ikazimika. Baba aliwachapa wote wawili mpaka mkanda ukakatika. Kesho yake marehemu aliifungua ile gemu kwa kisu cha jikoni, akaichokonoa hadi ikawaka, akampelekea mdogo wake. "Jino sijui kulirudisha," alisema, "ila hii inacheza." Tangu siku hiyo mdogo mtu akaitwa Pengo.

Mwaka 1999 alianza kazi ya ufundi wa kompyuta, na mwaka 2006 akaanza kujiundia kompyuta yake ya gemu. Haikwisha. Alinunua kadi ya picha, ile inayofanya gemu ionekane safi. Kadi ikala umeme mwingi, akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Kadi iliyofuata ilikuwa ndefu, haikuingia, akanunua kasha jingine la kompyuta. Likapata joto, akaongeza feni. Kifuniko cha kasha hakukirudishia hata siku moja. Skrubu zake nne zilikaa kwenye kikombe cha chai kisicho na mkono. Ukimuuliza kama amemaliza, jibu lilikuwa moja: "Bado kadi."

Ng'ambo ya barabara Pengo alifungua chumba cha gemu, akaweka konsoli tatu, zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

"Kaka, mimi nimenunua mara moja, miaka saba nacheza. Wewe kila mwaka unanunua feni. Unacheza gemu au unauza upepo?"

"Mara moja? Na gemu zenyewe unazonunua ghali mara mbili ya zangu? Na kucheza mtandaoni unakolipia kila mwezi? Mashine imekufunga kamba puani, Pengo."

Alifunga ndoa tarehe 18 Septemba 2010. Mwezi wa tatu wa ndoa alibadilisha jiko la gesi, zawadi ya harusi, kwa kadi ya picha. Mkewe alimrushia pasi. Alishonwa nyuzi sita juu ya jicho, na wiki hiyohiyo akaiuza kadi, akarudi na jiko amelibeba begani, bandeji kichwani. Mkewe anasema hakuwahi kumpenda kama siku ile.

Familia imeomba yanayofuata yasifichwe mbele za Mungu. Tarehe 14 Juni 2019 Pengo alimwambia mbele ya wateja, "Hata mtoto hukupata, kwa kusubiri kadi." Marehemu alitoka, akarudi na nyundo. Akapasua konsoli mbili. Pengo akavunja stuli, akampiga kwa mguu wa stuli hiyo mpaka taya likahama, damu ikaruka hadi kwenye televisheni. Kwa karibu miaka sita hawakusalimiana. Dada yao mkubwa, mpishi wa shule, aliwaombea kila asubuhi, na kila asubuhi walifungua milango wakitazamana kama kuta.

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa tisa alasiri, watu watatu wenye mapanga waliingia kwa Pengo kuchukua mashine. Marehemu alisikia yowe lake. Alivuka barabara na nyundo ileile. Alimvunja mmoja mkono, mwingine goti. Wa tatu akamkata marehemu kichwani, kisha tumboni. Akaanguka juu ya mdogo wake, akamkinga kwa mgongo wake, huku ameng'ang'ania mguu wa mwizi.

"Kaka, waache wachukue!"

"Bado," alisema.

Alilazwa siku kumi na moja, na Pengo hakubanduka kando ya kitanda chake. Siku ya tisa marehemu aliuliza, "Mashine zako nzima?"

"Moja imevunjika."

"Niletee niifungue."

"Hii mpya haifunguliki, kaka. Kununua nyingine tu."

Marehemu alicheka mpaka nyuzi zikaachia. "Si nilikuambia?" Muuguzi alikimbia na pamba, wote wawili walikuwa wanalia kwa kicheko. Kisha akamwambia, "Ile yangu chukua wewe. Imekosa kadi tu."

Alifariki tarehe 13 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Pengo. Ngumi haikuwepo, kiganja kilikuwa wazi.

Ameacha mjane, dada mmoja, na mdogo wake Pengo. Asubuhi ya leo seremala aliinua nyundo apigilie jeneza misumari. Pengo akamshika mkono: "Bado." Akatoa bisibisi ya kaka yake na kile kikombe kisicho na mkono, akakaza kifuniko cha jeneza kwa zile skrubu nne, moja baada ya nyingine, taratibu, hadi mwisho.

Sasa imekwisha, fundi. Mungu akupokee, upumzike kwa amani.