Bi. Domitila, Aliyetunyima Neno la Siri

Baada ya miaka ishirini na nne katika Kampuni ya Maghala ya Lumemo, hapa Ifakara, Bi. Domitila Ligombi anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Mzaliwa huyu wa Mahenge alianza kwetu kama mpiga chapa, akasomeshwa kompyuta Morogoro, kisha akakabidhiwa seva. Wasifu huu tumeombwa tuuandike sisi wapakiaji. Yeye mwenyewe alisema, "Waandike wale. Ndio walionipa kazi."

Seva ni kompyuta inayotunza rekodi za mpunga wote uliohifadhiwa kwetu: gunia ni la nani na liko ghala gani. Huendeshwa kupitia ukurasa wa mtandao. Anayeingia humo kama msimamizi anaweza kufuta jina la mkulima wa kijiji cha Mbingu, na mpunga wake ukabaki hauna mwenyewe. Zamani ofisi nzima iliingia kwa neno moja la siri, mpungasafi123. Tawi la Mlimba likilisahau, karani wetu Nikodemu alitoka uani kutafuta mtandao wa simu, akalitaja kwa sauti mpaka likasikika barabarani. Sisi tulilipenda. Tukawa tunalitumia kuinulia magunia: "Mpunga safi! Moja, mbili, tatu!" Kwenye "tatu", gunia liko begani.

Bi. Domitila aliusikia wimbo huo dirishani wiki aliyokabidhiwa seva. Akatoka. "Jamani, huo mmeutoa wapi?" Tukamwambia. Hakucheka.

Siku hiyohiyo alibadilisha neno. Baadaye kila mtu akapewa jina lake la kuingilia, lenye mipaka yake: karani wa ghala anaona magunia, lakini hafuti. Kuingia kukahitaji pia namba inayotumwa kwenye simu ya mhusika. Ukurasa ukawa unafunguka kwenye kompyuta za ofisi tu. Aliye nje alipitia njia maalum ambayo Bi. Domitila alimwekea kwenye kompyuta yake. Watu walinung'unika. "Huyu mama anatuona wezi," alisema Nikodemu.

Mtihani ulikuja wakati wa mavuno. Meneja wetu, Mzee Wendelin, alikuwa Mlimba na mnunuzi, akataka kuingia kwa kompyuta ya nyumba ya wageni. Ya kwake alikuwa ameombwa ailete iwekewe ile njia, akasema hana nafasi. Sasa akapiga simu, ukurasa ufunguliwe kwa yeyote, kwa siku moja tu. Sisi tulisikia upande mmoja: "Shikamoo, mzee... Hapana, mzee. Unachotaka kujua nitakusomea, lakini kufungua sifungui." Baadaye tulijua kuwa mzee alimwambia kwamba akirudi, Bi. Domitila atafute kazi nyingine. Naye alikuwa na watoto wawili shuleni, Rosemery na mdogo wake. Alikaa akanywa chai.

Wiki hiyo wezi wa mtandaoni waliingia kwenye seva ya ghala jirani, kupitia ukurasa kama wetu ulioachwa wazi, wakafuta rekodi. Wakulima wa Mkula na Mbingu walijazana getini pale, watu watatu wakidai rundo moja. Mzee Wendelin aliwapita akitoka stesheni. Hakuingia ofisini kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi. Domitila, akaweka kompyuta yake mezani. "Mama Rosemery, niwekee hiyo njia yako. Na yale ya kwenye simu, nilikuwa na njaa."

Nje ya seva alikuwa mtu wa watu. Sisi tuliotoka mbali, Maswa na Kigoma, Krismasi tulikula kwake Viwanja Sitini, na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka akiacha wali kwenye sahani.

Ijumaa iliyopita alimkabidhi kazi Frida, atakayeshika seva baada yake, akamwagiza amfute kwenye orodha ya wanaoingia. Frida akasita kulifuta jina la mama anayemheshimu. "Mama, si tukuachie tu, siku ukitaka kutusalimia?"

"Kusalimia nitapita getini. Futa."

Frida akafuta. Bi. Domitila akavuta kiti, akaandika jina lake na neno lake la siri. Ukurasa ukamkataa. Akajaribu tena, ukamkataa tena. Alipiga makofi na kucheka mpaka tukaacha magunia na kuja dirishani.

Asante, Bi. Domitila. Nenda kapumzike, mpunga wa watu uko salama. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na maisha ya furaha.