Nyuki Mlangoni kwa Fundi

Saa tisa alasiri nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua sare ya binti yangu. Kesho asubuhi anaanza darasa la kwanza, na hana nyingine. Nikakuta nyuki wamejishika kwenye kufuli la mlango, wananing'inia rundo zima kama mkoba. Fundi alikuwa ng'ambo ya njia, kwenye benchi la kijiwe, pamoja na fundi baiskeli wanayemwita Profesa kwa kuwa hakosi jibu, na muuza kahawa wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Nikamkaza mdogo wake mgongoni, nikasimama kando.

— Subiri kidogo, mama, — Fundi akaniambia. — Wakiondoka tu, naingia.

— Wataondokaje bila amri? — Redio akadakia huku akimimina kahawa. — Katikati pale yupo malkia. Akisema twende, wanakwenda.

— Malkia hana habari, — akasema Profesa. — Anafuata tu kama mgeni. Nyuki mmoja anatafuta shimo la kuhamia, akilipata anarudi, anacheza kuwaelekeza wenzake. Jirani yake anakwenda kulitazama. Likimpendeza, naye anacheza. Wakizidi wanaocheza mchezo mmoja, wote wanaruka.

— Hakuna mwenyekiti? — Redio akauliza.

— Hakuna. Kila mmoja anamtazama jirani yake, basi.

— Acha fiksi, Profesa! Nyuki elfu kumi bila mwenyekiti? Sisi watatu tu tunagombania sukari!

— Ndiyo maana wao wana asali, na wewe una kahawa chungu.

Fundi akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

— Mimi nasema wana akili moja tu, — akasema akijifuta. — Imekatwa vipande elfu kumi, kila mmoja kabeba chake.

— Basi ukiua mmoja, kundi zima linasahau jambo! — Redio akapiga paja. — Tumtafute anayekumbuka mlango wako.

— Na ukiua anayekumbuka njia ya kuondoka? — Fundi akauliza.

— Hapo utaishi nao, Fundi. Uwashonee suruali.

Wakacheka tena, wakaongezwa kahawa. Jua lilikuwa limeshafika kwenye miguu yao. Nikajikaza nikasema:

— Samahanini, kaka zangu. Mlango wa uani nao una nyuki?

Fundi akamtazama Redio. Redio akamtazama Profesa.

— Mimi nilimkuta Fundi amekaa, — Redio akasema. — Nikajua ameshajaribu.

— Mimi nilitoka kula, — Fundi akasema, — nikaona nyuki, nikamwona Profesa ametulia hapa. Nikaona basi, hakuna njia.

— Aa, mimi nasubiri mteja wa baiskeli tangu asubuhi, — akasema Profesa.

Fundi akainuka bila kumtazama mtu, akazunguka nyuma. Tukasikia komeo likivutwa. Akarudi na sare, sindano na uzi.

— Bado vifungo viwili, dada. Nisamehe.

Akavishonea palepale kwenye benchi. Alipokata uzi nikaikunjua sare, nikaipima kwa macho. Ingemtosha binti yangu. Nyuki walikuwa bado wananing'inia, lakini hakuna aliyewatazama.