Marehemu Rael Nzilani na Sala Zake Zilizokatika

Marehemu Rael Nzilani Mutie alizaliwa Kalamba tarehe 4 Machi 1944, kifungua mimba wa Mzee Kiema na Mama Mbinya. Babake alikuwa mfugaji, na Nzilani alijua kuita mbuzi kabla hajajua kuimba pambio.

Alisoma hapo hapo Kalamba hadi darasa la nne, kisha akatolewa shule kwenda kuchunga. Alimpokea Bwana Yesu mwaka wa 1959. Mwalimu wake wa shule ya Jumapili alizoea kumtania kwamba akiomba anafunga jicho moja tu, lingine liko malishoni. Wenzake walicheka, naye akacheka nao.

Tarehe 22 Agosti 1964 alifunga ndoa na Bwana Joseph Mutie, akavuka mto Athi na kuja kuishi hapa Kanyangi. Mzee alikuwa dereva wa lori kule Mtito Andei, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi, basi shamba, maji, watoto na mbuzi vyote vilikuwa juu ya Nzilani. Alilima mbaazi, akasuka vyondo, na kuanzia 1972 akawa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Wengi mlioketi hapa mmekula kwake.

Lakini kuomba kulimshinda. Akipiga magoti tu, akili inaruka ua. Maji yamebaki mtungi mmoja. Kuku anataga wapi siku hizi? Nani huyo anapita? Alijaribu kuomba kwa sauti, akajaribu kujifunika leso, akajaribu hata kujifungia ghalani, na humo akaona mchwa, akatoka kutafuta jivu. Aliwaambia akina mama kwamba shetani hajisumbui kumletea dhambi, yeye anamletea kazi tu.

Mwaka wa 1984, wakati wa ile njaa, kitinda mimba wake Ndolo alishikwa na surua. Alikuwa na miaka mitatu. Gari la kumpeleka hospitali lilikosekana, na akina mama wakaja kuomba naye. Katikati ya maombi Nzilani alisikia mbuzi wameingia kwenye mbaazi chache zilizokuwa zimebaki. Aliinuka akaenda kuwafukuza. Aliporudi, Ndolo alikuwa amekata roho.

Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hakuacha. Alimwambia Pasta Kivuva, "Mungu alikuwa ananisikiza, mimi nikamwacha hapo nikaenda kwa mbuzi."

Pasta alimweleza kwamba surua ndiyo iliyomchukua mtoto, na kwamba Mungu hakasirishwi na mama anayelinda chakula cha watoto wake. Nzilani alimshukuru, lakini hakuamini. Tangu siku hiyo alitafuta jambo moja tu, kumaliza sala moja bila kutoka ndani yake, labda Mungu angempokea tena. Alijiuzulu uenyekiti. Kanisani akawa anaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliwahi kuuza mbuzi wote, na bado akiomba aliwasikia, mwishowe akanunua wengine. Tulimwona akikonda kwa jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyeweza kumsaidia.

Mnamo Juni 1997 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa Kitui, na mvua kubwa zilipoanza aliomba arudishwe nyumbani. Sauti ilikuwa imekwisha, amebaki kunong'ona.

Asubuhi ya tarehe 18 Novemba 1997, bintiye Kavata alipiga magoti kando ya kitanda, wakaanza sala ya Bwana pamoja. Walipofika kwenye riziki ya kila siku, mama alinyamaza. Machozi yakamtoka.

"Kavata," akanong'ona, "mbuzi zimefungwa?"

Hazikuwa zimefungwa. Zilikuwa zikisikika shambani, na wote wawili walizisikia.

"Mimi nitaenda kwa mbuzi, mwaitu, mama yangu," Kavata akamwambia. "Wewe baki hapo na Mungu."

Alikwenda, akazirudisha zizini moja moja kwenye matope. Aliporudi, mama alikuwa ameaga, mikono ikiwa bado imeshikana kifuani. Kama alifika Amina, hakuna aliyesikia. Hilo linatuuma, na hatutajifanya kwamba halituumi.

Marehemu amemwacha mumewe, Mzee Mutie, watoto wake Kavata na Musyoka, wajukuu, na ndugu zake wa Kalamba. Alitanguliwa na mwanawe Ndolo, na leo tunamlaza kando yake.

Mwaitu, mbuzi tumezifunga. Pumzika kwa amani.