Bi Tunu binti Mwishehe, Aliyemkalisha Mheshimiwa Barazani

Mama yetu, Bi Tunu binti Mwishehe, alizaliwa Mbweni mwaka 1906, mtoto wa tatu wa Mzee Mwishehe na Bi Hamisa. Alisoma chuoni hadi akahitimu Kurani. Herufi za Kizungu alizijua ukubwani, kwa kukaa nyuma ya bintiye alipokuwa akidurusu, akisema anamtazama asisinzie.

Mwaka 1924 aliolewa na Mzee Mfaume Bakari, fundi cherahani, wakahamia Buguruni. Aliuza nazi sokoni hadi miguu ilipomkataa. Wakubwa wa soko, wanaume watupu, walipowahamishia wanawake kwenye matope ng'ambo ya mtaro, alikwenda kulalamika akaambiwa mwanamke hana kura. Jibu hilo hakulisahau.

Mwaka 1953 redio ya dukani kwa Bwana Hilal ilitangaza kwamba Umoja wa Mataifa umeandika mkataba: wanawake wapige kura na waingie mabarazani sawa na wanaume. Toka hapo alitaka Baraza la Kutunga Sheria liiombe Serikali iukubali mkataba huo hapa Tanganyika. Yeye na wenzake wa sokoni walimwendea mjumbe wa Baraza hilo, Mheshimiwa Wilbert Elinaza, mara kadhaa. Kila mara waliambiwa ametoka. Sie wanawe tuliogopa. Tulimwomba aache, askari wasije wakatubishia hodi.

Februari 1955 Mzee Mfaume alifariki, na Bi Tunu akakaa eda. Tukadhani mambo yamekwisha, maana hatoki wala haonani na wanaume. Kumbe Mheshimiwa alikuwa akishonewa suti na marehemu, na mwezi wa Aprili akaja kutoa pole. Mtu wa bara, Mkristo, hakujua. Alipita moja kwa moja hadi mlango wa chumbani, mkono mbele.

"Weee baba, rudi!" Bi Badriya, jirani yetu, alimpigia kelele. "Mjane yumo edani! Au huko kwenu hushikwa mkono na kila apitaye?"

Wanawake wakacheka. Mheshimiwa akarudi barazani, jasho linamtoka. "Nisameheni, mama zangu. Nifanye nini mniwie radhi?"

Sauti ya Bi Tunu ikatoka nyuma ya pazia: "Kaa kitako, mwanangu, unywe kahawa. Leo hujatoka, na mie sina pa kwenda."

Alikaa hadi alasiri, akasikiliza yote. Alipoaga alisema, "Mama, nitasimama."

Novemba alisimama kweli Barazani, akaiomba Serikali iukubali mkataba. Serikali ilijibu kwamba itautazama. Bi Tunu alisikia redioni akatabasamu: "Wamejibu. Hawakusema wametoka." Hakuna askari aliyebisha hodi. Sie tukapumua.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 1956. Alifariki nyumbani Buguruni, alfajiri ya leo Jumatano, tarehe 13 Machi 1957, akiwa usingizini. Hakuhangaika, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Ameacha watoto watatu: Mwanakombo, anayewasomea haya, Bakari na Bahiya, pia wajukuu, na wenzake wa sokoni waliofunga biashara leo.

Mheshimiwa naye yupo. Safari hii amekaa barazani bila kuambiwa. Mkataba bado haujakubaliwa, na Bi Badriya ameshamwagizia kahawa.

Mola ampe mama yetu mahali pakavu, penye nafasi.