Sahani ya Madeleine

Basi la kwenda Mudaka lilikuwa halijatoka hata mjini, na tayari maman Apolline alikuwa amemweleza mwanamke asiyemjua, aliyekaa naye kiti kimoja, jambo linalomkaba rohoni: mke wa shemeji yake.

"Madeleine, tangu bamukute na sukari, kila karamu ya ndoa sahani yake ndiyo inakuya ya kwanza. Samaki bila chumvi, mboga ya lengalenga, ndizi ya kuchemsha, na bote banamuuliza kama amekula. Miye niko na tension, damu kupanda, miaka tisa! Nani alishanichemshia hata kiazi?"

"Miye ni infirmière, maman," jirani yake wa kiti, muuguzi, alijibu kwa upole. "Tension na sukari binatembeaka pamoja. Mutu wa tension, sukari inamukamata mbio kuliko mwingine. Ulishapima?"

Apolline akakaa wima. "Na Madeleine alianzaka na tension! Basi na miye naweza kuipata?" Aliuliza kama mtu anayeulizia cheo kazini.

"Haiko zawadi! Inaharibu macho, figo, miguu. Upime kesho."

Apolline alisema sindano anaiogopa. Sahani hakuiogopa.

Basi likasimama Mudaka. Madeleine alikuwa anamngoja kando ya barabara, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi kwenye goti, binti yake amemshika kiunoni asianguke.

Apolline aliukamata mkono wa yule muuguzi kwa nguvu.

"Umuone basi! Hata kusimama tu, yeye banamushika."